Namna ya Kumsaidia Mtoto Aandike Sifa za Esperanza katika The House on Mango Street

Kama mtoto wako anasoma shule ya Marekani, huenda siku moja akarudi nyumbani na The House on Mango Street, riwaya ya Sandra Cisneros iliyotoka mwaka 1984. Ni kitabu chembamba chenye sura 44, nyingine hazijazi hata ukurasa. Msimulizi ni Esperanza Cordero, binti wa familia yenye asili ya Mexico, anayekulia katika mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa Chicago. Kazi ya nyumbani huwa haibadiliki sana: taja sifa tatu za Esperanza, toa ushahidi kitabuni, eleza ushahidi huo unaonyesha nini.

Kwa kuwa sura ni fupi, mtoto hukimaliza upesi, akaandika kwamba Esperanza ni mpole, ana ndoto kubwa na ni jasiri, akafunga daftari. Mzazi mwenzangu, usikubali. Sifa hizo unaweza kumbandika msichana yeyote wa riwaya yoyote, na Esperanza si msichana yeyote.

Mimi nilifundisha fasihi sekondari huko Tanga kabla ya kuhamia huku. Jumamosi naketi na watoto wa majirani kwenye maktaba ya Rogers Park. Wengi ni wa familia za Kikongo, wapo Warundi, wapo Wakenya, na kitabu hiki kinarudi mezani petu kila mwaka wa masomo. Njia ninayoieleza haimtaki mzazi awe na Kiingereza kingi. Inamtaka akae na mtoto, mtoto amsimulie kwa lugha ya nyumbani, naye aulize. Mtoto aliyekwisha kukueleza jambo kwa Kiswahili, akaulizwa, akajitetea, hapati taabu ya kujaza ukurasa kwa Kiingereza.

Anzeni na aibu

Wengi huanza na ndoto, kwa sababu Esperanza anaitaja wazi: anataka nyumba yake mwenyewe. Mimi nawaambia watoto waiweke ndoto kando kwanza, watafute aibu. Ndoto ile imezaliwa na aibu, na bila kuijua aibu yake huwezi kueleza kwa nini anachotaka ni nyumba, na si nguo au mchumba au safari.

Mwambie mtoto akutafutie kila mahali ambapo mtu mzima anamtazama Esperanza, au anapatazama anapoishi. Pa kwanza ni katika sura ya mwanzo kabisa. Kabla ya Mango Street familia ilikuwa imepanga ghorofa ya tatu barabara ya Loomis. Sista mmoja wa shuleni kwao akapita, akamkuta anacheza nje, akamwuliza anaishi wapi. Esperanza akaonyesha juu: rangi inabanduka, na kwenye madirisha kuna mbao ambazo baba alizigongomea ili watoto wasianguke. Sista akauliza, kwa mshangao, kama ni pale anapoishi. Hakumtukana. Ni ile namna alivyouliza tu, na mtoto akajiona si kitu chochote, akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo alipojua kwamba lazima apate nyumba ya kweli, nyumba anayoweza kuionyesha kwa kidole.

Barabara ya Loomis ipo kweli, inapita katikati ya Pilsen, mtaa wa Wamexico. Kama mko Chicago, mpeleke mtoto akaione. Na umkumbushe kilichowahamisha: mabomba ya maji yalipasuka na mwenye nyumba akakataa kuyatengeneza kwa madai kwamba nyumba ni kuukuu mno. Watoto wa mezani kwangu wanaoishi nyumba za kupanga hawahitaji maelezo zaidi hapo.

Pa pili ni sura iitwayo "A Rice Sandwich". Esperanza anatamani kula kantini pamoja na watoto wanaobaki shuleni mchana. Anambembeleza mama mpaka mama anaandika barua, na kwa kuwa nyumbani hakuna nyama ya kuweka kwenye mkate, anamfungia mkate wenye wali ndani. Sista mkuu wa shule anaisoma barua, anasema kwao si mbali, anampandisha juu ya boksi la vitabu dirishani na kumwambia aonyeshe nyumba yao. Kisha sista mwenyewe ananyoosha kidole kwenye safu ya majengo mabaya kuliko yote pale, majengo ambayo hata watu waliovaa matambara wanaona haya kuyaingia. Si kwao. Lakini Esperanza anaitikia, na anaanza kulia.

Hapa nyamazeni kidogo, kisha umwulize mtoto: kwa nini hakusema "si ile"? Msimpe jibu. Mmoja ataniambia ameogopa. Mwingine atasema alijua kwamba hata akikataa hataaminiwa, sista ameshaamua watu kama yeye wanaishi wapi. Binti mmoja wa Kirundi alisema, "Labda na yeye ameanza kuamini." Kila jibu kati ya hayo linazaa sifa tofauti, na kila moja linatetewa na ukurasa uleule. Hiyo ndiyo kazi mwalimu anayoitaka.

Pa tatu ni penye viatu. Kuna sherehe ya ubatizo. Mama amemnunulia gauni jipya lakini amesahau viatu, hivyo Esperanza amevaa vile vya shule, vya kahawia na vyeupe. Anakaa na kuificha miguu chini ya kiti mpaka Mjomba Nacho anamwinua wacheze. Wanacheza, watu wanapiga makofi, na kwa muda ule anasahau miguuni amevaa nini. Mtoto asiiruke sehemu hii kwa kuona ni ya furaha tu. Inaonyesha kwamba aibu ya Esperanza inaweza kumwachia, na kinachomwachisha ni mtu wa nyumbani anayemwona mzuri vilevile alivyo.

Sasa nakuja kwenye sura ninayoiona kuwa ufunguo, na watoto wengi huipita kwa sababu inamhusu mama. Jina lake ni "A Smart Cookie". Mama anakoroga uji jikoni, anasema angeweza kuwa mtu wa maana. Anazungumza lugha mbili, anaimba opera, anaweza kutengeneza televisheni, lakini hajui apande treni ipi kwenda mjini. Maisha yake yote amekaa katika jiji hili! Kisha anamweleza binti yake kwa nini aliacha shule: hakuwa na nguo nzuri. Akili alikuwa nayo. Aibu ndiyo iliyomrudisha nyumbani.

Mwulize mtoto swali moja tu hapa, na mpe muda mrefu: aibu ileile imemfanya mama nini, na inamfanya binti nini? Mama aliacha shule. Binti anaandika mashairi, anataka nyumba, anahesabu namna ya kuondoka. Mtoto akiliona hilo ameshapata sifa ambayo haimo katika orodha yoyote ya maneno ya kubandika: Esperanza ana aibu inayomsukuma, wakati ya mama ilimfunga. Anaweza kuandika kurasa mbili juu ya hilo peke yake.

Msimfichie makosa

Watoto wema wanapenda kumlinda mhusika. Wanaona akitajwa kwa kosa amesemwa vibaya, na wazazi nao wanaogopa mtoto ataonekana hajamwelewa. Kinyume chake ndicho kweli. Kosa la mhusika ndilo ushahidi rahisi kuliko wote kuutetea.

Angalieni sura ya baiskeli. Lucy na Rachel, dada wawili wa jirani, wanamwambia Esperanza akitoa dola tano watakuwa marafiki zake milele na baiskeli itakuwa ya wote. Yeye ana dola tatu alizoweka akiba. Mbili anazichukua za Nenny, mdogo wake, ambaye hayupo nyumbani, na anajipa moyo kwamba Nenny atafurahi akijua kwamba sasa wana baiskeli. Mvulana mmoja wa Kikenya aliinua kichwa: "Mwalimu, kwani huyu si ameiba?" Meza nzima ikawaka. Wengine walisema pesa za mdogo wako ni zako, wengine walikataa kabisa. Mwishoni wakakubaliana kwamba upweke wake ni mkubwa kiasi cha kumfanya asiione hatia pale pale inapotendeka. Andikeni hivyo: mpweke, na upweke unamfanya ajidanganye.

Kosa la pili ni zito. Shangazi Lupe ni mgonjwa wa miaka mingi, kitandani, haoni tena. Esperanza humsomea vitabu, na siku moja anamsomea shairi lake mwenyewe. Shangazi anamsikiliza, anamwambia aendelee kuandika kwa sababu kuandika kutamweka huru. Halafu watoto wanacheza mchezo wao wa kuigiza watu, na siku hiyo wanamwigiza Shangazi Lupe: mikono iliyolegea, sauti iliyofifia. Shangazi anafariki. Esperanza anaamini kwamba yeye ni mwovu na atakwenda motoni.

Usikimbilie kumtetea, wala usikimbilie kumhukumu. Mwulize mtoto ni nani katika sura hii anayetuambia kosa hilo. Ni Esperanza mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu anayesimulia ubaya wake bila kuupaka rangi ana sifa ya ukweli, na ndiyo sababu tunamwamini anapotusimulia mabaya ya wengine. Kwangu mimi hii ni sifa yake kubwa kuliko ujasiri, na sijawahi kuiona katika daftari la mtoto kabla hatujakaa kuizungumza.

Wanawake wa dirishani

Karibu nusu ya kitabu Esperanza hajizungumzii, anatazama wengine. Bibi mzaa bibi yake, ambaye Esperanza amerithi jina lake, alikuwa mwanamke asiyeshikika. Hakutaka kuolewa, mpaka mwanamume akamfunika gunia kichwani na kumchukua, na maisha yake yaliyobaki aliyapitisha dirishani. Rafaela anafungiwa ndani na mumewe kwa kuwa ni mzuri. Minerva anaandika mashairi usiku watoto wake wakishalala. Alicia, ambaye mama yake amefariki, anapanda treni mbili na basi kwenda chuo kikuu kwa sababu hataki kuishia kiwandani au nyuma ya pini ya kusukumia chapati. Sally anapigwa na baba yake, kisha anaolewa kabla hajafika darasa la nane.

Mtoto achague wawili kati yao, asichukue wote. Kwa kila mmoja ajibu: Esperanza ameona nini ambacho mtu mwingine asingekiona? Hapo utapata uangalifu wake na huruma yake, tena kwa ushahidi.

Kisha ahamie kwenye matendo. Katika sura ya "Beautiful & Cruel" Esperanza ameanza vita yake ya kimya: anaondoka mezani kama wanaume wanavyoondoka, harudishi kiti mahali pake wala hachukui sahani yake. Sisi tuliolelewa kwa adabu za Pwani tunashtuka, na ni vizuri kumwambia mtoto kwamba umeshtuka. Mwache akueleze. Atakwambia kwamba sahani ile ameiacha baada ya kuwaona wanawake wote wa dirishani, na kwamba jina la bibi amelikubali, nafasi ya bibi dirishani ameikataa. Mkifika hapo, neno "mkaidi" alilokuwa ameandika litakuwa limepata maana, hata kama wewe mama yake bado unataka sahani ioshwe.

Ujasiri ninauruhusu mahali pamoja tu, katika sura ya bustani ya nyani. Wavulana wamechukua funguo za Sally na wanasema hawatazirudisha mpaka awabusu. Esperanza anakimbia kumweleza mama wa mmoja wao, mama anapiga pasi na haoni tatizo. Esperanza anarudi na fimbo tatu na tofali. Wote wanamwambia aende zake, na Sally mwenyewe yumo. Anajificha chini ya mti akitamani moyo wake usimame. Kama mtoto anataka kuandika "jasiri", aandike na hili: alikwenda kumwokoa mtu ambaye hakuomba kuokolewa, kwa sababu yeye bado alikuwa mtoto na Sally ameshavuka. Ujasiri na utoto vimekaa katika tofali lile moja.

Baada ya bustani inakuja sura ya "Red Clowns", ambamo Esperanza anavamiwa kingono kwenye tamasha. Mapema zaidi kuna mzee kazini aliyembusu kwa nguvu. Mzazi, zisome wewe kwanza, au mwombe mtu akueleze yaliyomo, kisha ukae na mtoto. Usimwache asome peke yake chumbani na kubaki na maswali. Kwa upande wa insha, shikilieni jambo moja bila kulegea: alichotendewa si sifa yake. Nimeshaona insha zilizosema Esperanza ni "mnyonge" au "mjinga" kwa sababu ya sura hiyo. Futeni. Kinachoweza kuandikwa ni namna anavyosimulia: hadithi inakatikakatika, na anamlaumu Sally aliyemwacha na wote waliomdanganya kuhusu mapenzi.

Kuandika aya yenyewe

Aya dhaifu huwa hivi: "Esperanza ni mwenye huruma. Anawahurumia maskini. Hii inaonyesha ana moyo mzuri." Hakuna mahali, hakuna tendo, na sentensi ya tatu imerudia ya kwanza.

Mfanye mtoto aeleze kwa mdomo hadi isikike kama hivi: "Esperanza ana huruma iliyotokana na aibu. Jumapili amekataa kwenda na familia kwenye nyumba za mlimani ambako baba yake hutunza bustani, kwa sababu anaona haya kukodolea macho wasichoweza kukipata. Lakini anapowaza nyumba yake ya baadaye, anasema watu wasio na makazi wakipita atawapa chumba cha darini, kwa kuwa anajua kukosa nyumba kulivyo. Watu wa mlimani wamesahau walioko chini. Yeye anajiapiza asisahau." Ina sifa, ina tendo, ina sura inayoweza kutafutwa, na maelezo yake yanasema kitu ambacho ushahidi peke yake haukusema.

Ushahidi mmoja unatosha kwa aya moja. Mtoto anayerundika nukuu tano hana nafasi ya kueleza hata moja.

Na angalieni jina katika sentensi. Watoto huchanganya Esperanza na mwandishi. Cisneros alizaliwa Chicago mwaka 1954, baba yake Mmexico, na familia yake iliishi Humboldt Park, kwa hiyo anaujua mtaa anaoueleza. Lakini Cisneros alikuwa binti pekee kati ya kaka sita, wakati Esperanza ana kaka wawili, Carlos na Kiki, na mdogo wake Nenny anayelala naye chumba kimoja. Insha ikiandika "Sandra anachukua pesa za Nenny", mwalimu ataona mara moja.

Sifa iliyobadilika

Kama kazi inauliza amebadilikaje, linganisheni sista wa Loomis na sura mbili za karibu na mwisho. Kwenye msiba wa mdogo wao Lucy na Rachel, wazee watatu wa kike wanamwambia Esperanza aombe jambo. Anaomba kuondoka, hasemi kwa sauti. Wao wanajua. Mmoja anamwambia akiondoka akumbuke kurudi kwa ajili ya wasioweza kuondoka kirahisi kama yeye. Anaona aibu tena, lakini safari hii ni aibu ya aina nyingine: anajiona ameomba kwa ajili yake peke yake. Aibu ya kuonekana maskini imekuwa aibu ya kuwasahau wengine. Mtoto akiiandika sentensi hiyo kwa maneno yake mwenyewe, sehemu ngumu ya insha imekwisha.

Kisha Alicia, ngazini. Esperanza anasema hatarudi mpaka mtu autengeneze mtaa huu. Alicia anauliza ni nani huyo atakayeutengeneza, meya? Wazo la meya kufika Mango Street linamchekesha Esperanza kwa sauti.

Je, mwishoni amekubali kurudi? Mezani kwangu wanagawanyika kila mara, na pande zote mbili zina kurasa za kuzitetea. Wanaosema ndiyo wanashika maneno ya mwisho ya kitabu, anapoahidi kurudi kwa ajili ya waliobaki nyuma. Wanaosema hapana wanashika ngazi ya Alicia, na ukweli kwamba kitabu kinaisha hajaondoka bado, kwa hiyo ahadi hiyo haijajaribiwa. Mwache mtoto achague upande mmoja, auandike katika sentensi ya kwanza ya insha, na asiubadilishe mpaka aya ya mwisho.